Namna ya Kugombana na Kontrakta Bila Kuangusha Nyumba

Ukijenga Huruma, Nairobi, utagombana na kontrakta. Vijia vimebana, lori la mawe halina pa kugeukia, mvua ya Aprili haiombi ruhusa, na bei ya nondo hupanda slabu ikiwa inangoja. Kwa kuwa ugomvi upo njiani, ujifunzeni kama kazi nyingine yoyote ya mjengo.

1. Gombaneni mapema. Ugomvi mtamu ni wa kabla ya msingi kuchimbwa, pesa zikiwa bado mfukoni. Bishaneni hadi koo zikauke: kazi ni ya leba pekee, ama fundi ndiye atakayenunua simiti na nondo? Mwisho wa kazi ni tarehe gani? Malipo yafuate hatua zipi: msingi, slabu ya kwanza, kuezeka? Kisha andikeni na mtie sahihi mbele ya mashahidi. Mradi ukiwa mkubwa, mtafuteni mkadiriaji majenzi, naye anaujua vizuri mkataba wa mfano wa mwaka 1999 ulioandaliwa na wasanifu majengo pamoja na wakandarasi.

2. Daftari litangulie koleo. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila jioni andikeni idadi ya vibarua, mifuko ya simiti iliyotumika, saa za mvua, na aliyeagiza mabadiliko. Mwenye ploti anayepita Jumapili na kusema, “Fundi, niwekee choo kingine hapo,” ameongeza gharama na siku, na wino useme hivyo. Fundi naye anayelia, “Mzee, simiti imepanda,” alete risiti. Ujumbe wa M-Pesa msiufute.

3. Kila mtu abebe mzigo wake. Mwenye ploti akichelewesha pesa, fundi anadai siku za nyongeza pamoja na hasara yake. Fundi akitorokea mjengo wa Kariobangi na advansi yako, gharama ya kuchelewa ni yake. Mvua kubwa kwa kawaida humpa fundi siku, haimpi pesa. Anayetaka kuilaumu mvua kwa miezi sita aonyeshe daftari.

4. Msifidie siku kwa zege. Hapa hakuna mchezo. Zege humwagiliwa maji kwa siku 7 hivi, na nguvu yake hupimwa ikitimia siku 28. Anayeng'oa mbao upesi kwa sababu amechelewa, au anayepunguza simiti kwa sababu amepunjwa, anamlipisha mpangaji ambaye hakuketi kwenye mkataba. Usiku wa 29 Aprili 2016, mvua ikinyesha, ghorofa lililokuwa kando ya mto hapa Huruma liliporomoka na kuua watu zaidi ya 50. Maafisa walisema lilijengwa bila idhini. Basi kibali cha kaunti na usajili wa kontrakta kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi haviingii kwenye mapatano yenu ya bei. Pesa zikiisha, simamisheni kazi. Nguzo iliyosimama ikingoja pesa ni aibu ndogo.

5. Mkikwama, mleteni wa tatu. Makelele hayapimi kazi; mkadiriaji hupima. Aonyeshwe daftari, aseme ni kiasi gani kimejengwa na ni kiasi gani kimelipwa. Katiba ya Kenya yenyewe, Ibara ya 159, inahimiza upatanisho na usuluhishi. Kama mkataba wenu unataja msuluhishi, mwendeeni. Kama hautaji, na dai halizidi shilingi milioni 1, ipo Mahakama ya Madai Madogo: unaweza kwenda bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Dai la mkataba huzeeka baada ya miaka 6, kwa hiyo msilikalie.

Mkishapatana, anayedaiwa alipe siku hiyo hiyo, mwandike kwamba deni limekwisha, muweke sahihi zote mbili, na kesho yake kazi ianze saa mbili asubuhi.