Jobo Yuko Njiani

Mwaka 2021 sikukuu ya Muungano iliangukia Jumatatu. Jumatatu ikiwa sikukuu, mtu wa Dar es Salaam huanza kupumzika tangu Ijumaa mchana, na kama una mama mkwe Tanga, ndiyo wikendi atakayochagua kuja kuangalia binti yake analishwa nini. Tena ulikuwa mwezi wa Ramadhani, kwa hiyo ukaguzi wenyewe ungefanyika saa ya futari, watu wote wamekaa, hakuna pa kujificha.

Katikati ya maandalizi, Mamlaka ya Hali ya Hewa ikatangaza kwamba kuna kimbunga kinaitwa Jobo, kiko kaskazini mwa Madagaska, kinaelekea kwetu. Mikoa ya pwani ikatajwa, kuanzia Mtwara mpaka Tanga, pamoja na visiwa.

Sijui kwenu, lakini kwetu utabiri wa mikoa ni orodha ya ndugu. Simu zikaanza hapo hapo. Binamu wa Mtwara alikuwa mtulivu kupita kiasi. Wao walishaambiwa Aprili 2019 kwamba kimbunga Kenneth kinakuja, shule zikafungwa, watu wakahamishwa, na mwisho kikaingia Msumbiji na kuwaumiza majirani. Baba mdogo wa Dodoma, ambaye mkoa wake haukutajwa, alimpigia kila mtu kumpa pole kabla ya tukio. "Huku ni jua tu," alisema, kama kwamba analilipia yeye. Ni baba mkubwa wa Lindi peke yake aliyekataa mzaha. Tufani iliyoipiga Lindi Aprili 1952 ilimkuta mtoto. "Jazeni maji, na mtu asikae chini ya mnazi," akasema, akakata simu.

Mama mkwe aliteremka kwenye basi Jumamosi asubuhi akiwa na kikapu cha machungwa na historia. Kwake yeye tufani iliisha mwaka 1872, ile iliyofyeka mikarafuu ya Unguja ikaiacha Pemba, na ndiyo maana mpaka leo karafuu ni ya Pemba. Bibi yake mzaa mama alikuwa Mpemba, hivyo anaihadithia kwa fahari ya mtu ambaye ukoo wake ulishinda kesi ya shamba.

Tuna jirani mwalimu wa jiografia. Naye akaja barazani kututuliza. Kimbunga, akasema, kinataka bahari yenye joto, nyuzi 26 au 27 hivi, halafu kinataka msukumo wa mzunguko wa dunia ili kijizungushe. Ukikaribia ikweta msukumo huo unakuwa hafifu, na Dar es Salaam hata nyuzi 7 za kusini hatujafika. Zaidi ya hayo, Madagaska imekaa mbele yetu na inatukinga mara nyingi. Mimi nilitulia. Shemeji, kaka yake mke wangu, akauliza kama Madagaska wenyewe wana habari.

Tatizo la shemeji ni kundi la familia la WhatsApp. Humo zilikuwa zimeshaingia picha za minazi imelala chini, pembeni kibao cha barabara kwa lugha ambayo hakuna mtu hapa kwetu Mbagala anaisoma, na sauti ya bwana mmoja asiyejitaja jina aliyedai ana mtu wake "huko huko ndani" na kwamba Jobo anaingia saa nane usiku, si saa tisa kama tunavyodanganywa. Miezi michache nyuma dhoruba nyingine katika bahari hii hii ilipewa jina la Bongoyo, kama kile kisiwa tunakokwenda kula samaki wa kukaanga, na wala hakuna aliyefunga dirisha. Jobo alipata bahati ya kuja wikendi ndefu, watu wana muda.

Basi shemeji akaenda gereji akaomba tairi mbovu, akanunua kamba na misumari ya bati, akapanda juu ya paa alasiri ile, na saumu yake. Mama mkwe alisimama uani akimwelekeza kwa upindo wa khanga: kushoto, kulia, si hapo. Watoto wakakaa kwenye ndoo walizojaza maji, wakitazama. Tairi la kwanza likakaa vizuri. Kwa la pili alirudi nyuma ili alitazame limekaaje, akaacha kukanyaga penye mbao, akakanyaga bati tupu, lile la zamani upande wa mezani ambalo kutu imelila tangu tuhamie.

Mimi nilikuwa ndani. Kwanza nilisikia bati likilia, kisha dari la jipsamu likafunguka, unga mweupe ukashuka, na mguu wa shemeji ukatokea mpaka gotini, unachezacheza. Kandambili ilikuwa imeshatangulia. Ilizama upande mmoja kwenye sufuria ya mihogo ya nazi, ikabaki imesimama kisigino juu. Mke wangu alikuwa ameshika upawa, hakusema kitu. Mama mkwe akaingia, akatazama mguu, akatazama sufuria, akauambia mguu: "Viatu vinavuliwa mlangoni."

Tulifuturu tende, machungwa na chapati za jirani.

Kabla wikendi haijaisha tukatangaziwa kwamba Jobo ameishiwa nguvu akikaribia pwani. Mjini wakaanza kuicheka Mamlaka, na hilo sikulipenda. Walisema kinakuja kilipokuwa kinakuja, kilipochoka wakasema kimechoka; sijui mtu alitaka waende wakakisukume. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipofika Mafia kweli, na watu wa Mafia na Kilwa wakapoteza nyumba, sikusikia mtu akicheka.

Kilichotupata sisi kilikuja siku kadhaa baada ya Muungano. Utabiri ulisema vipindi vya mvua na ngurumo, kama unavyosema masika yote, na masika yote hatusikii. Haikuwa na jina, haikuwa na picha, bwana wa sauti hakuizungumzia. Jangwani barabara ikafungwa, kama kawaida yake. Nyumbani maji yalishuka kupitia tundu la shemeji kwa mstari ulionyooka mpaka katikati ya meza, na ndoo zote zilikuwa bado zimejaa maji ya Jobo, ikabidi kwanza tumwage maji ili tupate pa kukingia maji.

Fundi wa dari alikuja baadaye, akalitazama tundu muda mrefu, akataja bei. Nikamwambia mwezi uliopita aliweka dari zima kwa jirani kwa bei ya chini ya hiyo.

"Vifaa vimepanda, bosi. Si kimbunga?"

"Kimbunga gani? Si hakikufika?"

Akachomoa futi kamba, akaanza kupima. "Kwenu hapa kimefika."