Jinsi ya Kupanda Kitulo Bila Kuondoka Sinza

Makundi mengi huharibu safari ya milimani kwa kuiacha milima iwaingie. Mtu anaondoka Dar es Salaam akiwa mzima, anarudi anasifia ukungu, anazungumza taratibu na hataki tena kukaa baa. Mwongozo huu umeandikwa kuwakinga na balaa hilo. Unahusu kundi la watu kama kumi na wanne, kosta moja ya kukodi, na njia ya Udzungwa hadi Kitulo. Mkiufuata, mtalala mita 2,600 juu ya usawa wa bahari na kuamka mkiwa wakazi wale wale wa Sinza.

Anzeni na kundi la WhatsApp. Lipeni jina lenye moto, "Wadau wa Mlima" kwa mfano, na picha ya mlima wowote hata kama uko Uswisi. Waingizeni watu arobaini ili wapatikane hao kumi na wanne. Mweka hazina awe yule mpole kuliko wote, asiyeweza kumdai mtu hata sukari yake. Mchango utangazwe miezi mitatu kabla. Kwa muda wote huo wadau watajibu kwa vidole gumba na mikono ya kushukuru. Miamala itaanza kuingia usiku wa kuamkia safari, pamoja na ujumbe wa yule aliyetuma nusu: "Mkuu, hiyo nyingine nitakumalizia njiani." Hamalizii. Mpeni kiti cha mbele, kwa kuwa ndiye atakayechagua nyimbo.

Tarehe ipigiwe kura, na ishinde Agosti. Wenyeji wa kule huiita Kitulo Bustani ya Mungu. Ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, hasa kwa ajili ya mimea yake, na aina za okidi peke yake ni zaidi ya arobaini. Maua hayo huchanua msimu wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Kwa hiyo nendeni Agosti, nyasi zikiwa zimekauka na baridi imeshika kazi yake, kisha mumuulize askari wa hifadhi kwa ukali: "Sasa hayo maua yako wapi?" Akianza kueleza habari za misimu, mkatizeni kwa kuuliza simba.

Hema lisifunguliwe kabla ya safari. Kulijaribu uani ni dalili ya kutojiamini, na majirani watauliza kama mwenye nyumba amekufukuza. Hema lililoandikwa "watu sita" lilihesabiwa na mtu mwenye hesabu za konda wa daladala, lakini hilo mtaligundua gizani, sambamba na habari kwamba vigingi vimebaki Sinza. Nafasi iliyookolewa kwa kuacha makoti ijazwe spika. Jenereta likipatikana, lisiachwe.

Barabara ya Morogoro haina mengi. Ndani ya Mikumi mtapunguza mwendo, hilo halina kejeli: barabara kuu inakata hifadhi kwa kilomita 50, na faini ya kumgonga mnyama ni kubwa kuliko michango yenu yote, ikiwemo ile ambayo haijalipwa. Twiga atapigwa picha kupitia kioo chenye vumbi, na picha itumwe kwenye kundi lenye watu walioketi ndani ya gari hilo hilo.

Kutoka mji wa Mikumi mnaingia kushoto kuelekea Mang'ula, mwendo wa kilomita kama 60, kwenye lango la Udzungwa. Hapo pana mambo mawili ya kukasirikia. La kwanza, malipo hayapokelewi kwa noti. Mtapewa namba ya malipo, na simu yenye salio ni ya yule aliyelala nyuma. Mtanzania hulipa kiasi kidogo sana kuliko mgeni, ila lazima aonyeshe kitambulisho, na wadau watatu wameviacha vyao nyumbani "visipotee". La pili ni zito zaidi. Udzungwa haina barabara za kutalii kwa gari. Yaani ni miguu, nyuma ya askari mwenye bunduki, juu ya mizizi inayoteleza, kuelekea maporomoko ya Sanje ambayo maji yake hushuka zaidi ya mita 170. Mdau aliyevaa viatu vyeupe atagoma kwenye mto wa kwanza. Mwacheni agome, awe na la kusimulia.

Msitu huu una hatari yake: ni rahisi kusikiliza. Yuko humu mbega mwekundu, na yuko mangabei wa Sanje, ambaye sayansi ilimfahamu mwaka 1979 tu na hapatikani popote duniani nje ya milima hii. Wote wawili huwasikia watu kabla watu hawajawaona. Dawa ni kuongea kuhusu kodi za nyumba tangu mwanzo wa njia hadi mwisho, kwa sauti ya kikao cha harusi. Mkifanya hivyo mtapita katika moja ya misitu yenye viumbe adimu zaidi Afrika mkiwa mmeona mgongo wa mtu aliyetangulia, basi. Jioni semeni Udzungwa hakuna wanyama.

Kesho yake rudini Mikumi, mshike barabara ya Iringa. Ruaha Mbuyuni kuna vitunguu, Kitonga kuna malori yanayopanda kwa kuhema. Chimala ndipo mnaiacha lami ya Mbeya na kukabili mlima ambao kona zake zimewapa watu jina la kuuita: Hamsini na Saba. Kila abiria awe na ushauri kwa dereva. Mmoja aseme "weka namba moja", mwingine aseme "usiweke namba moja", na wa tatu, ambaye hana leseni, asimulie ajali aliyoisikia. Kufikia Matamba dereva atakuwa haongei na mtu. Mmefanikiwa.

Uwandani, pikeni maharage. Sitaki kusikia habari za tambi. Kwa mwinuko ule maji huchemka kwenye nyuzi 91 hivi badala ya 100, kwa hiyo maharage yaliyozoea kuiva Sinza kwa saa mbili yataendelea kuruka ruka sufuriani mpaka mtungi wa gesi uishe. Hapo mtu atapendekeza kuni. Kuokota kuni hifadhini ni marufuku, na mpendekezaji analijua hilo. Anataka tu iandikwe kwamba alipendekeza. Kuleni mkate.

Usiku utawakuta na kanga, fulana za timu na kandambili. Asubuhi za msimu huo nyasi huamka na umande ulioganda, kwa hiyo hakuna atakayelala. Ndiyo nafasi ya spika. Pigeni muziki hadi askari aje kuomba kwa adabu izimwe, kisha mjadili hadi saa nane kama alikuwa na haki. Nyota za kule ni nyingi kupita kiasi na zinaweza kumnyamazisha mtu, hivyo taa za kosta ziwake.

Mapema asubuhi kila mtu atafute kilima chenye mtandao. Mtawaona wadau wametapakaa uwandani, mkono mmoja juu, macho kwenye kioo, huku Kitulo nzima imefunguka nyuma yao. Mwongozaji akitaja kipunji, tumbili wa misitu ya Rungwe na Livingstone ambaye wanasayansi walimwona mwaka 2003 ilhali wawindaji wa huko walishamjua na kumpa jina, jibuni kwamba hata mtaani kwenu kuna vitu vingi ambavyo havijagunduliwa.

Kabla ya kushuka, nunueni viazi Matamba. Ni vizuri kwelikweli, na bei yake ni ya shambani. Chukueni magunia mawili, yafungwe juu ya mahema yaliyolowa, wala msiandike ni ya nani. Ubishi utaanza mapema, mkiwa bado kwenye kona. Ukitunzwa vizuri utawafikisha Morogoro bila mtu kusinzia, na dereva atashukuru.