Sifa za Kikamera Kibishi

Duniani vimesifiwa vingi. Majahazi yamesifiwa, wali wa nazi umesifiwa, na wako waliosifiwa siku ya maziko yao mpaka wajane wakajiuliza kama wamekaa matanga ya mtu mwingine. Leo nasimama kukisifu kisichosifiwa na yeyote: kikamera changu cha mkanda, Olympus Trip 35. Kilianza kutengenezwa Japani mwaka 1967, kikaachwa mwaka 1984, na tangu kiingie mikononi mwangu hakijafanya jambo hata moja kwa wakati niliolitaka.

Nianze na ukaidi, maana ndio fadhila yake kubwa. Kikamera hiki hakitumii betri. Lenzi yake imezungukwa na pete ya kioo chenye vijipele, kama jicho la nzi, na nyuma ya kioo hicho kuna tabaka la seleniamu linalopokea mwanga na kutoa umeme kiduchu, wa kusogeza sindano tu. Jua likiwapo, kinapiga. Jua likianza kuinama, unabonyeza kitufe, kibendera chekundu kinachomoza ndani ya tundu la kuchungulia, na kitufe kinagoma. Hakuna rufaa, hakuna kubembeleza.

Na saa ya kibendera ndiyo saa ambayo Tanga hupendeza. Baiskeli zinarudi Ngamiani kwa makundi, kengele kwa kengele, mama wa mihogo anapepea jiko lake, wazee wanalitoa bao barazani. Hapo ndipo kikamera kinaponiambia niende nyumbani. Mama yangu aliniita kabla ya magharibi miaka yote ya utoto wangu bila mafanikio. Kibendera kilinitia adabu kwa wiki mbili. Wajuzi watasema ukiitoa pete ya tundu la lenzi kwenye A, ambako kikamera hujiamulia chenyewe, na kuiweka kwenye namba, kinakubali kupiga hata giza likiingia. Ni kweli. Lakini hiyo ni sawa na kumrudisha kwenye sinia mgeni aliyekwisha kunawa: atakula, ila kwa kisirani, na picha za kisirani hicho ninazo bahasha nzima.

Umbali nao hakijui. Kwenye pete ya lenzi vimechorwa vijipicha vinne: kichwa cha mtu mmoja, watu wawili, watu watatu, na mlima. Kukadiria ni kazi yako, na ukikosea hakisemi. Ndiyo maana nina picha ya mama muuza vitumbua ambamo mama mwenyewe amekuwa moshi, lakini kopo la rangi lililo nyuma yake linasomeka mpaka idadi ya lita. Sijamwonyesha. Kopo nimelionyesha kwa mwenye duka, akafurahi.

Tuje kwenye ubahili. Mkanda mmoja una picha 36, basi, na mikanda yenyewe sipati tena madukani hapa. Naagiza kwa msafiri, naye huniletea pamoja na lawama. Kwa bei ya mkanda mmoja ningekunywa chai ya sukari mwezi mzima. Mwenye picha 36 hapigi ovyo. Hulizunguka jambo kama mnunuzi wa mbuzi mnadani: huangalia meno, huangalia kwato, huenda zake, hurudi. Niliwahi kusimama dakika ishirini mbele ya baiskeli iliyopakiwa trei za mayai kupita urefu wangu, nikimngoja mwenyewe atoke dukani. Alipotoka akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama nimetumwa na watu wa mikopo.

Maana watu wetu picha wanaijua, tena siku nyingi. Pale Unguja, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930. Lamu alikuwako Omar Said Bakor, aliyejifunza kazi mwenyewe akasifika kwa kukata picha na kuziunganisha upya. Mtu alikwenda studio ameoga, amejitia mafuta, amevaa nguo ya Idi, akasimama wima kama anayeapishwa. Picha ni ya harusi, ya mahafali, ya pasipoti. Sasa huyu anayeelekeza kamera kwenye jiko la mkaa ana nia gani? Mtu wa simu haulizwi, maana anakwisha kupiga kabla hujageuka. Mimi hulazimika kukadiria umbali, kutazama jua na kuvuta mkanda kwa kidole gumba, krr, krr, krr, kwa hiyo muda wa kuniuliza upo wa kutosha.

Muuza kahawa mmoja wa Barabara ya Nane aliniuliza vizuri kuliko wote.

“Shikamoo, mzee wangu.”

“Marahaba. Hicho nini, redio?”

“Kamera, mzee. Naomba nikupige picha.”

“Leo? Ngoja Ijumaa nivae kanzu.”

“Nakutaka hivyo hivyo, na dele lako.”

Akawageukia waliokaa barazani, vikombe vikigongana mkononi mwake. “Jamani, huyu amekuja kupiga picha dele.” Wakacheka. Mmoja akashauri nipige na kashata, zisije zikaona wivu.

Nikasogea karibu, nikaweka pete kwenye kichwa kimoja, nikabonyeza. Kikatoa ule mlio wake mdogo, kama mtu anayefyonya kwa heshima. Mzee akanyoosha mkono. “Hebu nione.” Nikamgeuzia mgongo wa kamera. Ni bati jeusi. Akalitazama kwa makini, akaligeuza, akalipitishia kidole.

“Haionekani sasa, mzee. Mpaka mkanda uishe, usafishwe.”

“Lini?”

“Mwezi ujao, Mungu akipenda.”

“Basi nakudai.”

Hapo ndipo sifa za kikamera hiki zinapopindukia mipaka. Ningempiga kwa simu, angejiona, angecheka, na habari ingekwisha kabla kahawa haijapoa. Kikamera kilinipa deni. Kila nikipita na baiskeli nasikia, “Wewe, picha yangu!” Watu ambao hawakunijua sasa wananijua kama mtu asiyelipa. Nilipoona aibu imezidi, nikaanza kupitia Barabara ya Tisa, nikakumbuka kuwa huko ananidai kinyozi. Ya Kumi wananidai mafundi cherehani wawili, na mmoja wao alikuwa amefumba macho.

Msidhani nilichelewa kwa uvivu. Mkanda wangu wa kwanza, wa rangi, niliupeleka studio moja ambayo sitaitaja. Baada ya wiki tatu nikapewa bahasha ya picha za ubatizo. Mtoto mzuri, keki ya ghorofa mbili, babu amesinzia. Picha zangu bila shaka ziko ukutani kwa wazazi wa mtoto yule, nao wanajiuliza huyu mwenye trei za mayai alialikwa na nani. Wala sikuusikitikia sana mkanda wa rangi. Kwa miaka mingi mafundi wa maabara waliipima mikanda hiyo kwa kadi zenye picha ya mwanamke wa Kizungu, na ngozi zetu zikachukua kilichobaki. Fungua albamu ya zamani ya nyumbani kwenu, mtazame ami aliyesimama karibu na ukuta mweupe: utaona shati, utaona meno, ami mwenyewe utamkisia.

Nikahamia mkanda wa nyeusi na nyeupe, niusafishe mwenyewe, bafuni, usiku. Na hapa kikamera kikanifungulia elimu mpya. Dawa ya kusafishia inataka nyuzi 20 za Selsiasi. Maji ya bomba ya Tanga mwezi wa Februari hayajawahi kusikia habari za nyuzi 20. Nikaenda kugonga kwa jirani anayeuza barafu.

“Una shughuli, kaka?”

“Hapana, dada. Nasafisha picha.”

“Kwa barafu? Basi hizo picha zina homa.”

Siku nyingine barafu ya maji ilikuwa imekwisha, nikachukua za ukwaju, nikaziweka kwenye beseni zikiwa ndani ya mifuko yake, na chupa ya dawa katikati. Nyuzi 20 zilipatikana. Baadaye watoto wa nyumbani walikunywa vile vifaa vya maabara.

Baada ya dawa ya kusafisha kuna dawa ya kukaza picha, ambayo wazoefu huiita hypo. Sikio la Mswahili husikia “haipo”, na jina hilo lina mkosi. Mkanda wangu wa tatu ulikuwa umechomoka kwenye gurudumu lake ndani ya kamera tangu picha ya kwanza. Kihesabio kiliendelea kuhesabu kwa uaminifu mpaka 36, mimi nikiendelea kukadiria, kungoja na kuomba ruhusa, na mkanda umetulia kwenye kopo lake kama mwali ndani. Niliutoa kwenye haipo, nikauinua kwenye taa. Ulikuwa mweupe kama maji. Haipo hata moja. Watu 36 wa Ngamiani walinipa tabasamu zao na mimi nikazipeleka kusikojulikana. Ndipo nilipojifunza kutazama kishikio cha kurudishia: kikizunguka unapovuta, mkanda unakwenda; kisipozunguka, unapiga hewa.

Ukungu niupitie haraka, maana unajisifu wenyewe. Hewa ya pwani huotesha ukungu kwenye lenzi kama inavyouotesha kwenye viatu vya kabatini, na lenzi yangu ina nyuzinyuzi pembeni mfano wa utando wa buibui. Kila mzee niliyempiga akilipa jua mgongo ametoka na duara la nuru kichwani. Wawili kati yao nawafahamu, na duara hawalistahili.

Mkanda wa muuza kahawa, namshukuru Mungu, ulitoka. Niliutundika bafuni kwa kibanio cha nguo, nikamtafuta kwa tochi. Kwenye negativu ulimwengu hupinduka: shati lake jeupe lilikuwa jeusi tii, mkono wake mweupe pe, na kahawa aliyokuwa akiimimina ilikuwa maziwa. Nikaipiga negativu kwa simu ya shemeji yangu, tukaigeuza, kijana wa steshenari akaichapa. Naam, kwa simu. Mwenye kusifu hafichi.

Nilikuwa nimesahau jambo moja. Tundu la kuchungulia haliko mahali pamoja na lenzi. Liko juu, pembeni kidogo. Kwa mbali haidhuru. Kwa karibu, unachokiona wewe sicho inachokiona lenzi. Ndani ya tundu vimewekwa vialama vya kukukumbusha, nami siku ile nilikuwa nikitazama mvuke. Kwa hiyo picha ina jiko, na makaa unaweza kuyahesabu. Ina dele la shaba lenye kovu la kulehemu karibu na mdomo, ina mkono wenye mishipa, vikombe vitatu vimepangana kiganjani, shati, kifungo cha juu. Inaishia kidevuni.

Nilimpelekea alasiri, kibendera kikiwa bado kimelala. Aliishika kwa ncha za vidole kama kitu cha moto. Akaitazama muda mrefu. Akawapitishia wa barazani, ikazunguka, ikarudi.

“Dele limetoka,” alisema. Akaitia picha kwenye mfuko wa shati, akanimiminia kikombe. “Ijumaa njoo unipige mimi.”

Kikombe sikukilipia. Mkandani zimebaki picha nne.