Karatasi Inaimba

Tuipongeze kwaya yetu hapa Kolwezi: nyimbo sasa zinapangwa kwa kompyuta. Zamani akodi ya gitaa iliandikwa kwa kalamu juu ya silabi yake, ushamba mtupu. Programu ina upeo zaidi: ukibadili fonti tu, akodi zote huhama, Sol ya “Bwana” ikahamia “Amina”, kama wakazi wa mtaa wa Kasulo kobalti ilipoonekana chini ya nyumba zao. Mpiga gitaa haulizi, anafuata karatasi. Masikini mpiga gitaa Jean Bosco Mwenda, aliyerekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey pale Jadotville mwaka 1952, alijaliwa vidole tu. Katika mazoezi mawili tumechagua fonti tu. Katika la tatu betri ya kompyuta ikaisha, hapahapa kwenye kobalti ya betri za dunia. Wimbo wenyewe? Pambizo zimenyooka kama reli.