Aliyeshika Kamera Ni Nani?

Nilisonya jana, na leo bado nasonya. Kijiwe chetu cha kahawa kiko Kisutu, Dar es Salaam, hatua chache tu kutoka kwenye mahekalu ya Wahindu, na jirani yetu mwenye duka la vitambaa huwa anatoka jioni kukaa na sisi. Ni mtu mzima, haongei ovyo. Jana alikuja simu ameishika kwa mikono miwili, machozi yanamlengalenga. "Wazee wangu, tazameni. Baba mwenyewe. Walimpiga filamu akiwa hai."

Baba anayemsema ni Sai Baba wa Shirdi. Si yule wa nywele nyingi aliyefariki 2011, huyu ni wa kale, fakiri wa kijiji cha Shirdi katika jimbo la Maharashtra, India, aliyefariki tarehe 15 Oktoba 1918. Aliishi miaka na miaka ndani ya msikiti mkuukuu, akawasha humo moto usiozimwa, akawagawia wagonjwa majivu yake, jina la Allah halimtoki mdomoni, na Wahindu na Waislamu wakamfuata kwa pamoja. Picha yake imetundikwa juu ya kaunta ya jirani yetu tangu duka likiwa la baba yake.

Simu ikazunguka benchi zima. Video haifiki dakika: mzee mwenye kilemba cheupe kilichofungwa nyuma ya shingo anatembea, anakaa, anainua mkono. Rangi ya kikahawia, mikwaruzo inashuka kama manyunyu, na kwa chini zinasikika kengele na watu wanaimba. Vijana wa bodaboda wakanyamaza. Mzee wetu wa kahawa, mtu wa swala tano, akasema "Subhanallah" kwa sauti ndogo.

Niliomba niirudie. Mara ya pili nikauona mkwaruzo mmoja juu kulia, umejipinda kama unywele. Ulitokea, ukapotea, ukarudi. Nikaanza kuhesabu kwa kidole kwenye benchi: moja, mbili, tatu, nne, huyo. Moja, mbili, tatu, nne, huyo tena, palepale, umejipinda vilevile. Mxiuu! Filamu iliyozeeka haichakai kwa zamu. Kila futi ya utepe ina majeraha yake. Mkwaruzo unaorudi kwa kuhesabiwa umebandikwa juu ya picha kwa programu, kama fundi anavyoisugua jinzi mpya ionekane imevaliwa miaka kumi.

Halafu hizo kengele. Alam Ara, filamu ya kwanza ya India ambayo watu walisikika wakisema, ilitoka Machi 1931. Baba alikuwa na miaka zaidi ya 12 kaburini. Kijana mmoja akanijibu kwamba sauti inaweza kuwekwa baadaye. Inaweza, na si kosa ukisema umeiweka. Hawa wameandika chini ya video kwamba kila kitu ni cha asili, wakaongeza kwamba asiyeisambaza atakosa baraka. Tena tazama kamera inavyocheza: mara iko mbele yake, mara ubavuni, mara uso umejaa kioo kizima. Kamera za zama zile zilisimamishwa juu ya miguu mitatu na kuzungushwa kwa mkono kama cherehani. Ili umpate mtu namna hiyo, umwambie asimame, uhamishe mashine, kisha umwambie aendelee pale alipoishia. Hapo una mwigizaji anayesubiri maelekezo, wala si fakiri aliyeketi na watu wake.

Sisemi kwamba haikuwezekana Baba kupigwa filamu. Nataka nieleweke vizuri hapa. Sinema ilioneshwa Bombay tarehe 7 Julai 1896, kwenye hoteli ya Watson. Phalke, aliyetoa filamu ya Raja Harishchandra mwaka 1913, alihamishia kazi yake Nashik, mji ulio chini ya kilomita 100 kutoka Shirdi, na Baba bado yu hai. Kamera ilikuwa jirani yake kabisa. Ndiyo maana uongo huu unameza watu wenye akili zao: umejenga mlango kwa mlango na jambo ambalo lingeweza kutokea.

Mzee wa kahawa ndiye aliyelifungua fumbo. Aliweka dele lake chini, akamuuliza jirani kwa upole, "Bwana, isnadi yake iko wapi?"

Kwetu Waislamu, mtu akikuletea hadithi ya Mtume, utamu wa maneno hautoshi. Ataje kasikia kwa nani, na huyo kwa nani, mpaka juu. Mnyororo ukikatika, hadithi hiyo ni dhaifu, na hakuna atakayesema umemtukana Mtume kwa kuuliza. Picha nayo ina isnadi yake. Papa Leo wa 13, aliyezaliwa 1810, alipigwa filamu Vatikani mwaka 1898, anapita bustanini kwenye gari la farasi, anabariki. Ukiuliza nani alipiga, unatajiwa: William Dickson, aliyekuwa zamani fundi wa Edison. Kampuni inajulikana, mahali panajulikana.

Na hii ya Baba? "Nimerushiwa na shemeji yangu Leicester." Shemeji je? "Kwenye kundi lao la hekalu." Na kundi? Jirani akanyamaza.

Filamu za kuigiza kuhusu Baba ziko tele. Ya Kimarathi ilitoka 1955, ya Kihindi ikatoka 1977, Sudhir Dalvi akiwa ndiye Baba. Kipande cha namna hiyo kikikatwa, kikaondolewa nyimbo na majina, kikapakwa rangi ya uzee, kinatosha kumliza mtu. Na sasa kuna akili mnemba, hata mwigizaji hahitajiki.

Linaloniuma mimi ni hili. Sura halisi ya mzee yule imebaki kwenye picha chache tu za mnato. Hata sanamu ya marumaru iliyoko Shirdi ni ya 1954, ilichongwa na Balaji Vasant Talim ambaye alifanya kazi hiyo kwa kutazama picha. Kila video ya uongo inayopita inaisogeza sura ile mbali kidogo, mpaka mjukuu atakapomwona Baba wa kweli na kudhani ni mtu mwingine.

Nikamwomba jirani twende dukani. Akapanda kwenye stuli, akaisogeza simu karibu na ile picha ya juu ya kaunta. Pale ukutani mzee ameketi juu ya jiwe, mguu mmoja kaukunja juu ya mwingine, kanzu yake nzito imechakaa, anakutazama bila haraka. Kwenye simu kuna mtu mnene wa mashavu, ndevu zimechanwa vizuri, kanzu imepigwa pasi. Jirani alizitazama zote mbili muda mrefu. Akashuka, akawasha udi mbele ya ile ya ukutani.

Nilipoaga alikuwa anapiga simu Leicester. Nilimsikia akiuliza kwa Kigujarati, na sikuhitaji mkalimani, maana alilirudia mara tatu lile swali la mzee wa kahawa.