Shangazi Amefika Tena Bunda

Barua ya kwanza kwenye meza ya mshauri imetoka Bunda. Mwandishi ni muuguzi Mholanzi anayefanya kazi katika hospitali moja ya wilaya hiyo, na amejisaini "Gesti Bila Malipo". Kinachomsumbua ni ndugu zake. Kule kwao walikuwa hawapiti hata kunywa chai. Tangu ahamie Bunda, wote wamegundua kwamba wanamkumbuka mno. Kumbukumbu hizo huzidi kati ya Mei na Julai, nyumbu wanapopita ukanda wa magharibi wa Serengeti, upande wa mto Grumeti, na lango la Ndabaka liko pale pale kwenye barabara ya Mwanza na Musoma. Anatoka zamu ya usiku, anamkuta shangazi sebuleni, kofia kichwani, darubini shingoni, anauliza leo wanakwenda wapi.

Mshauri anamwambia dawa yake asiitafute mbali, ipo Butiama, kwao Mwalimu Nyerere. Mwalimu, katika andiko lake la mwaka 1962 kuhusu Ujamaa, aliikumbusha dunia methali ya mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi huitumia kama fimbo ya kumfukuzia mgeni. Mwalimu alikwenda mbele zaidi: alieleza kuwa mgeni mwenyewe huenda angeliomba jembe hilo kabla hajapewa, maana angeona haya kukaa bure. Kwa hiyo muuguzi asinune. Siku ya tatu shangazi akabidhiwe ungo achambue mchele, kisha kapu, aende sokoni akapambane na bei ya nyanya kwa Kiswahili cha kitabuni.

Jembe lenyewe, la kwenda kulimia, asipewe. Visa ya matembezi hairuhusu ajira, na mshauri hajasikia afisa Uhamiaji aliyekubali methali badala ya kibali.

Muuguzi ameuliza na jambo jingine, kwa aibu. Shangazi anaamini kibali cha ukaazi cha mpwa wake kitapunguza kiingilio cha gari zima. Hakitapunguza. Hifadhi hutoza kila kichwa kwa hali yake: raia wa Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi, mgeni mkaazi ana kiwango chake, na mtalii wa kutoka nje ndiye mwenye mzigo mkubwa, kwa dola, tena kwa kila saa 24. Habari hii itolewe kabla tiketi ya ndege haijakatwa. Ikitolewa langoni, dereva akiwa anasubiri na injini inaunguruma, ukoo utagawanyika.

Kutoka Makoko, Musoma, mwalimu wa kujitolea analalamika kwamba wageni wake hawatoki ziwani. Hapa mshauri anaacha mzaha: kichocho hupenya kwenye ngozi, na konokono wanaokieneza hukaa pembezoni penye maji mafupi na majani. Aliyeoga huko amwone daktari hata kama anajisikia mzima. Wageni wakitaka pa kwenda, wapelekwe Shule ya Msingi Mwisenge, alikoanza masomo Nyerere mwaka 1934, halafu wapande gari hadi Butiama, waone makumbusho na kaburi lake pale Mwitongo. Siku inaisha, gharama ni ndogo, na mwenyeji amesahihisha madaftari yake kwa amani.

Barua ya tatu imeelekea upande mwingine. Kijana wa Butiama anaishi London katika chumba kimoja, na baba yake mdogo amepewa visa ya matembezi. Visa hiyo kwa kawaida humruhusu mtu kukaa hadi miezi 6, na mzee ameipokea ruhusa kama amri. Kijana anatoka kazini saa nne usiku. Mzee ndiyo kwanza anataka maongezi, na kitanda ni kimoja.

Mshauri hamruhusu kijana kumuuliza baba mdogo anaondoka lini. Swali hilo halimo mdomoni mwa mtoto. Atafute mkubwa mwenzake nyumbani, kaka au dada wa mzee, anayejua kusema bila kusema. Mkubwa huyo apige simu Jumapili, asalimie kwa utulivu, azungumzie mvua, aguse habari ya ng'ombe waliovunja zizi mara mbili, amtaje kijana wa kuchunga asiyesikia la mtu, na tarehe ya ndege aiulizie mwishoni kabisa, salio likikaribia kukata.