Baraza la Usajili la Chekereni

Hapa Chekereni, kandokando ya majaruba ya mpunga yanywayo maji ya mifereji iliyojengwa kwa msaada wa Wajapani katika miaka ya 1980, kila lifunguliwapo dirisha la usajili hukaa baraza la wajuzi ambao, pasina kupewa barua ya uteuzi na mtu yeyote, hujitwika dhima ya kuamua ni mshambuliaji yupi aifaaye Simba na ni beki yupi Yanga imwache aende zake. Ushahidi wao ni video ya dakika mbili katika simu yenye kioo kilichopasuka, na hukumu hutoka kabla kahawa haijapoa.

Juzi mmoja wao alituarifu kwamba huko Marekani na Kanada, katika ligi ya magongo ya barafuni, timu zilizoburuza mkia ndizo zitangulizwazo, kwa bahati nasibu kidogo, kuchagua vijana wapya. Baraza likastaajabu, kisha likasikitika. Maana kwa kanuni hiyo timu yetu ya magongo, iliyokwenda Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, ikafungwa na India mabao 18 kwa bila na kumaliza ya sita miongoni mwa timu sita, ingalirejea nyumbani na haki ya kuchagua mbele ya ulimwengu mzima.

Wakati huo zamu ya maji ilikuwa imewadia, na lango la mfereji lilihitaji kijana mmoja wa kulifungua. Wote, kwa mujibu wa taarifa zao wenyewe, walikuwa majeruhi.